Tunguja za Raheli

Kuna habari katika Mwanzo 30 ambayo wahubiri wengi huipita haraka, nami nilikuwa mmoja wao. Ni siku za mavuno ya ngano. Kijana Reubeni anaokota tunguja kondeni na kumpelekea Lea, mama yake. Raheli, ambaye hana mtoto, anakwenda kuomba apewe. Lea anamjibu kwa uchungu wa miaka mingi: umekwisha kumchukua mume wangu, sasa unataka na tunguja za mwanangu? Ndipo wanapopatana bei. Raheli atamwachia Lea usiku mmoja wa Yakobo, naye atapewa tunguja. Jioni Yakobo anarudi kutoka shambani bila kujua kwamba ameshauzwa.

Tunguja za Biblia si zile za njano tunazozikanyaga kando ya njia zetu. Ni mmea wa Mashariki ya Kati, wenye mzizi uliogawanyika kama miguu ya mtu, na watu wa kale waliamini kwamba unamsaidia mwanamke kushika mimba. Kwa hiyo Raheli alikuwa ananunua dawa ya uzazi. Aliinunua kutoka kwa mtu asiyepatana naye, kwa bei iliyomwaibisha, na haikumfaa upesi, maana aliyepata mimba baada ya usiku ule ni Lea. Raheli aliendelea kungoja mpaka Mungu alipomkumbuka, akamzaa Yusufu.

Biblia haimkemei Raheli kwa kutafuta dawa. Wala haisemi kwamba dawa ndiyo iliyompa Yusufu. Inamwonyesha tu akijadili bei, kisha inaendelea na safari yake.

Nilianza kuisoma habari hii kwa macho mengine baada ya dada mmoja wa usharika wetu kuja ofisini kwangu na swali. Yeye na mumewe wameniruhusu kuandika, mradi nisiwataje. Yeye ni mwalimu katika shule ya kanisa; mumewe ni fundi seremala na mwimbaji wa kwaya. Walikuwa wametimiza miaka sita ya ndoa. Katika jumuiya yao wanawake wa rika lake huitwa kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani. Yeye huitwa Mwalimu. Ni jina la heshima, na nilidhani hivyo ndivyo anavyolisikia.

Alikaa, akafungua bahasha, akatoa cheti cha daktari na kadi ya bima.

“Mchungaji,” alisema, “nina swali, na naomba unijibu kama mchungaji.”

Daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya letrozoli. Alipofika kwenye dirisha la bima la kliniki, karani alimwambia kwamba bima yake hailipii matibabu ya ugumba: si vidonge, si ultrasaundi za kufuatilia yai, si vipimo vya homoni. Kisha karani akapunguza sauti na kumwambia, kwa nia njema kabisa, “Dada, dawa hii ni ya saratani ya titi. Tukiandika kwamba una uvimbe kwenye titi, italipwa, na vipimo tutajua namna ya kuvipitisha. Wengi tunawasaidia hivyo.” Akampa siku mbili afikiri. Swali lake kwangu lilikuwa hilo: akubali au akatae?

Nilimjibu kwa muda usiozidi dakika tano. Nilimkumbusha amri ya nane, inayokataza kushuhudia uongo, na amri ya saba, maana kuchukua kwenye mfuko wa bima kwa hila ni wizi hata kama hakuna mfuko wa mtu uliochomolewa. Nikamwombea. Nikamwambia amngoje Bwana kama Hana alivyomngoja. Alisema amina, akanishukuru, akarudisha karatasi kwenye bahasha. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno lingine, kisha akaenda zake.

Jibu langu lilikuwa sahihi, na bado naamini hivyo. Lakini halikunigharimu hata shilingi moja. Gharama yake yote aliibeba yeye, nami nilikwenda kula chakula cha mchana.

Kwanza nieleze kwa nini lilikuwa sahihi, kwa sababu najua wako wapendwa watakaosoma hapa na kusema, “Mchungaji, huo ni uongo mdogo wa kumsaidia mtu.” Karani alisema nusu ya kweli. Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya titi, kwa kuwa hupunguza homoni ya estrojeni mwilini. Baadaye madaktari waliona kwamba ikinywewa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, upungufu ule wa muda mfupi huufanya ubongo upeleke amri kali zaidi kwenye ovari, na yai ambalo lilikuwa halipevuki hupevuka. Kwa wanawake wengi ambao ovari zao zina vifuko vidogo vingi na hedhi zao hazina mpangilio, leo ndiyo dawa ambayo madaktari huanza nayo, badala ya klomifeni iliyotumika tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana karatasi iliyomo ndani ya boksi huzungumzia saratani, na mwanamke akiisoma peke yake usiku hupatwa na hofu.

Sasa uongo ule ungekaa wapi? Ungekaa kwenye faili lake. Miaka kumi baadaye daktari mwingine angesoma kwamba mama huyu aliwahi kuwa na uvimbe wa titi na kutibiwa kwa dawa ya saratani, na angepanga vipimo, pengine upasuaji, kwa kufuata jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bima nyingine ingeweza kumkataa. Na bima yenyewe ni nini? Ni chungu kimoja ambacho watu wengi wanatia kidogo kidogo ili atakayeugua apate pa kuchota. Kila anayechota kwa jina la ugonjwa ambao hana, anamchotea mbele yule mwenye ugonjwa huo kweli, ambaye siku moja ataulizwa maswali mengi kwa kuwa wengi walidanganya kabla yake. Hayo sikumweleza. Nilimtajia namba za amri tu.

Na kuna jambo nililopaswa kumwuliza nisimwulize: daktari amesema unaumwa nini? Ugumba si ugonjwa mmoja. Ni matokeo, na nyuma yake mna mambo mengi: mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani yasiyotibiwa, uvimbe kwenye kizazi, yai lisilopevuka, mbegu chache au dhaifu za mwanamume. (Wanaume wa usharika, jambo hili linatuhusu sana. Katika ndoa nyingi zisizo na mtoto upande wetu umo, peke yake au pamoja na wa mwenzetu, na kipimo chetu ni chepesi na cha bei nafuu kuliko vyao. Bado tunawatanguliza wake zetu kwenye foleni mwaka hata mwaka.) Dada huyu alikuwa na ile hali ya vifuko vingi kwenye ovari. Hedhi ilimjia mara tatu au nne kwa mwaka. Hiyo ni hali ya kuangaliwa hata kwa msichana asiyefikiria kuolewa, kwa sababu inaweza kwenda pamoja na kisukari, na ukuta wa kizazi usiosafishwa kwa hedhi kwa muda mrefu unaweza kuleta hatari nyingine. Kuandika hali hiyo kwenye fomu kungekuwa kweli tupu. Baadhi ya vipimo vingeweza kulipwa kwa jina lake halisi. Aliyepaswa kumsaidia kuuliza hilo ni mimi, kama ningemsikiliza hadi mwisho.

Nilimtajia Hana nikasahau kuhani Eli. Eli alimwona Hana akitikisa midomo bila sauti, akadhani amelewa, akamkemea. Mimi nilimwona mwanamke mwenye fomu, nikadhani ninaangalia jaribu la uongo. Eli angalau alipoelezwa alibadilika saa ileile.

Mengine niliyajua miezi kadhaa baadaye, kupitia kwa mke wangu. Dada huyu alimweleza, naye akaanza kufuatana naye mjini. Usiku mke wangu alinisimulia, na kwa kweli sikuwa najua lolote kuhusu njia ambayo nilikuwa nimewaambia waende kwa uaminifu.

Duka la dawa muhimu lililo karibu na kanisa letu lina leseni ya kuuza orodha fulani tu ya dawa, na letrozoli haimo. Inabidi kwenda famasi yenye mfamasia. Katika famasi ya kwanza muuzaji alisoma cheti, akamwuliza mwenzake aliyekuwa nyuma ya rafu, kwa sauti ya kumfikia kila aliye kwenye foleni, “Zile za kutafutia mtoto bado zipo?” Dada akatoka nje bila kusubiri jibu, maana nyuma yake alisimama mzazi wa mwanafunzi wake. Famasi ya pili haikuwa nazo. Ingeagiza kutoka kwa muuzaji wa jumla. Daktari alikuwa ameandika vidonge vianze siku ya 3 ya hedhi hadi siku ya 7. Dawa ilifika siku ya 9. Kwa dawa nyingine nyingi, kuchelewa siku moja ni jambo la kupiga simu na kulalamika. Kwake ilimaanisha mzunguko ule umekwisha, na kwa mwanamke ambaye hedhi huja mara tatu kwa mwaka, ilimaanisha kuanza tena na dawa nyingine ya kuileta hedhi, kisha kusubiri, kisha kurudi kwenye foleni ileile.

Tangu hapo mke wangu alianza kumsaidia kwa mambo madogo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha uchungaji nilichofundishwa chuoni. Kupiga simu famasi wiki mbili kabla, kuuliza dawa ipo vidonge vingapi na vinaisha muda wake lini. Kuomba kuongea na mfamasia mwenyewe, kando. Kudai risiti yenye jina la dawa, hata kama bima imekataa, kwa sababu siku masharti yakibadilika asiye na risiti hana la kusema. Kuomba jibu la bima kwa maandishi, na sababu yake, badala ya kuridhika na neno la dirishani. Kutonunua vidonge visivyo na boksi wala karatasi yake, hata vikiwa nusu bei. Nimezika watu wengi na kubariki ndoa nyingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba risiti inaweza kuwa sehemu ya kumtunza mtu.

Hapo ndipo nilipofika kwenye jambo linalonifanya niandike makala hii.

Bima ya dada huyu ni ya watumishi wa kanisa. Mimi nilikuwa katika kamati iliyoichagua. Nakumbuka mkutano ule vizuri. Tulikuwa na karatasi tatu za mipango mitatu, chai na mandazi mezani, na muda mdogo. Tulitazama kiasi cha makato, tukatazama kulazwa, miwani, meno, na uzazi. Mpango tuliouchagua ulisifiwa hasa kwa ajili ya uzazi: ungemlipia mama hata akijifungua kwa upasuaji. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema kwamba kanisa linaloheshimu familia haliwezi kuacha kipengele hicho. Watu walinipigia makofi. Ukurasa wa mambo yasiyolipiwa ulikuwa mwishoni, kwa herufi ndogo, na ugumba uliandikwa humo mstari mmoja pamoja na upasuaji wa urembo. Sikuusoma. Nadhani hakuna aliyeusoma.

Kwa hiyo kila mwezi makato ya mwalimu yule yalikuwa yanasaidia kulipia uzazi wa walimu wenzake. Naye alipokwenda dirishani na kadi hiyohiyo, aliambiwa hitaji lake ni la jamii ya kunyoosha pua. Na alipokuja kwangu kuuliza kama anaweza kusema uongo ili apite, aliyemjibu hapana ni mmoja wa waliofunga mlango. Bwana wetu aliwasema walimu wa sheria kwamba wanawatwika watu mizigo mizito ambayo wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Nimehubiri juu ya maneno hayo mara nyingi, kila mara nikiwafikiria watu wengine.

Nilirudi kwenye kamati na jambo hili. Ndugu mmoja, mhasibu, mtu mwadilifu ninayemheshimu, alinijibu hoja ambayo si ya kupuuza. Alisema chungu ni kidogo. Wapo wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wapo wa saratani, wapo watoto wa selimundu. “Mchungaji, hakuna anayekufa kwa kukosa mtoto.” Nilikaa kimya kidogo, kwa kuwa mtu anayegawa fedha za wengine lazima apange ya kwanza na ya pili, na nisingependa figo ya mtu ikose fedha kwa ajili yangu.

Lakini hatukuwa tumepanga ya kwanza na ya pili. Hatukuliweka jambo hili mezani hata kidogo, na meno na miwani tulivipitisha, ambavyo navyo mtu hafi kwa kuvikosa. Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugumba kuwa ugonjwa wa mfumo wa uzazi, na mwaka 2023 lilitoa taarifa kwamba mtu 1 hivi kati ya 6 hukutana nao katika maisha yake. Klomifeni imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Nchi ya Israeli, ambayo nayo ina wagonjwa wa figo na wa saratani, imeamua kulipia hata matibabu makubwa ya uzazi kwa fedha ya umma hadi wanandoa wapate watoto wawili. Sisemi tuige kila kitu. Nasema ni uamuzi, na uamuzi hufanywa na watu waliokaa kikao. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na orodha za kinachohitajika na kisichohitajika zitaendelea kuandikwa na kurekebishwa. Wakristo watakuwa kwenye vikao hivyo. Naomba wasome hadi ukurasa wa mwisho.

Kuhusu hakuna anayekufa: ndugu yangu mhasibu hajakaa na mama aliyeambiwa na wifi zake, kwenye msiba, asiguse mtoto mchanga.

Hapa wengine wataniuliza kuhusu imani. Kwa nini mchungaji anahangaika na famasi badala ya kuhimiza maombi? Nimewasikia wanaofundisha kwamba kumeza kidonge ni kumwambia Mungu humwamini, na nimewaona wakiuza maji na mafuta kwa bei inayozidi ile ya kidonge. Sisi Walutheri hatuna haja ya kujibu kwa woga. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini kuhudumia wagonjwa, na katika barua yake kuhusu kuikimbia tauni aliwakemea wanaodharau dawa kwa kisingizio cha kumtumaini Mungu. Kwake huko kulikuwa kumjaribu Mungu. Miaka miwili baadaye, katika Katekisimu Kubwa, akieleza amri ya kwanza, alifundisha kwamba viumbe ni kama mikono na mifereji ambayo Mungu anapitishia mema yake yote. Na katika Katekisimu Ndogo, anapoeleza maana ya mkate wa kila siku, anataja mwenzi, watoto, afya, na serikali njema katika pumzi moja. Tukiomba mkate wa kila siku kila Jumapili, tumekwisha kuombea na ule ukurasa wa herufi ndogo.

Nikipenda kuonyesha jinsi mifereji hiyo inavyopita mahali tusipotarajia, husimulia habari ya sindano. Vidonge visipofaa, madaktari wengine hutumia sindano za homoni zinazoamsha ovari moja kwa moja. Homoni hiyo ilipatikana wapi mwanzoni? Mwanamke akipita umri wa kuzaa, mwili wake huendelea kuitoa kwa wingi, na hutoka katika mkojo. Mkemia wa Roma, Piero Donini, alifaulu kuitenga mwishoni mwa miaka ya 1940. Ili kupata mkojo wa kutosha wa wanawake wazee, waligonga milango ya nyumba za watawa, na masista wazee wa Italia wakakubali kuukusanya. Daktari Bruno Lunenfeld akaendeleza kazi hiyo, na mwaka 1962 huko Israeli akazaliwa mtoto wa kike, wa kwanza kutokana na dawa hiyo iliyoitwa Pergonal. Siku hizi nyingi hutengenezwa maabara kwa njia nyingine. Lakini zilianza kwa wanawake walioapa kutoolewa, waliotoa kitu ambacho kila mtu hukimwaga, na wengi wao huenda hawakuona hata mtoto mmoja aliyetokana nacho.

(Kuhusu mimba ya maabara na mayai yanayogandishwa kuna maswali mazito ambayo sitayagusa hapa. Yanastahili makala yake.)

Dada yetu alijaribu letrozoli mizunguko minne iliyopatikana kwa wakati. Haikufaa. Daktari akapendekeza sindano. Bei ya vidonge walikuwa wamejikaza wakaiweza. Bei ya sindano za mzunguko mmoja ilipita mishahara yake ya miezi kadhaa. Mumewe aliuza mashine yake ya kuranda mbao. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwao kabla ya hapo, nikaketi kwenye kigoda mbele ya wote wawili, nikawaomba msamaha kwa dakika zile tano na kwa kikao kile. Mume hakusema kitu. Mke alisema, “Tulijua, Mchungaji. Kitabu cha bima kina majina ya wajumbe ukurasa wa kwanza.” Walikuwa wanajua siku zote, na bado alikuja kuniuliza kama mchungaji wake.

Kamati haijabadilisha mpango. Kampuni ya bima ilitoa bei ya kuongeza kipengele hicho, na wajumbe wakaahirisha hadi mwaka mwingine wa fedha. Baraza la wazee wa usharika lilikubali, baada ya mabishano, kwamba mfuko wa diakonia unaweza kuchangia dawa za namna hii bila jina kutangazwa. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tuchangie. Mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akamwuliza alichanga kiasi gani kwenye harusi tatu za mwezi uliopita. Mfuko ukachangia sehemu. Mashine ya kuranda haijarudi.

Ikabaki shida ya jokofu. Sindano nyingi za namna hiyo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda. Zilikuja kutoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi la povu lenye vipande vya barafu, na mume alisimama stendi tangu alfajiri ili zisikae juani. Nyumbani kwao hakuna jokofu. Jokofu la jirani ni la kuuzia soda, hufunguliwa kutwa nzima, na kila anayefungua angeuliza. Jioni moja walibisha hodi kwetu na boksi lile. Kabla sijafungua mdomo mke wangu alikuwa amekwisha kutoa chupa za maziwa kwenye rafu ya kati. Aliweka kipimajoto kidogo ndani, akawaambia watoto wetu kwamba hiyo ni dawa ya mtu na haiguswi. Kwa siku kumi dada alikuja kila jioni saa mbili, akaingia chumba cha nyuma, akatoka, akanywa chai, akaenda.

Usiku wa sita umeme ulikatika. Niliamka saa nane, nikaenda jikoni na tochi ya simu. Mke wangu alikuwa amenitangulia, ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa jokofu ili mtu yeyote asiufungue gizani. Tukakaa pale wawili hadi umeme uliporudi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 7.

Mzunguko ule haukutoa mimba. Alikuja mwenyewe kutuambia, siku ya Jumatano, na hatukuomba sala ndefu. Ilipita miezi mitano. Wiki iliyopita, baada ya ibada, alimvuta mke wangu kando ya mlango wa sakristia na kumwuliza kama rafu ya kati bado ina nafasi.